Mashahidi wa Ampli ya Cassien

Jirani yangu Audace alijua rafiki yake amekufa kwa kuona kitu chake kinauzwa.

Nasema jirani, lakini ukuta wetu ni mmoja. Nyumba zetu za Batsinda zimeshikana mbili mbili, na aliyejenga ule ukuta wa katikati alikuwa na haraka zake. Mtu akikohoa upande wa pili, unajua kama ni mafua au ni kifua. Mimi nilikuja Kigali kutoka Kisumu kwa kazi ya ofisi. Ofisi yenyewe iko Kimihurura, lakini nyumba za Kimihurura ni za watu wenye mishahara ya mabalozi, kwa hiyo nikapanga Batsinda. Wiki ya kwanza nilijiona mwenye bahati, maana upande wa pili kulikuwa kimya kabisa. Mwaka ulipoisha, kile kimya kikaanza kuniudhi. Hakuna redio, hakuna mgeni, hakuna kugombana na mtu kwenye simu. Ni mtu gani huyo asiyegombana na mtu?

Ndiye Audace. Mwanamume wa miaka hamsini na kitu, mrefu, shati limepigwa pasi hata kama haendi popote. Anaendesha gari la familia moja ya Nyarutarama: asubuhi anapeleka watoto shule, mchana anapeleka mama sokoni, jioni anarudisha funguo na kupanda basi kama sisi wengine. Mke wake alifariki zamani. Binti yake, Iteka, anaishi Ubelgiji na humpigia simu siku za sikukuu. Jumapili Audace huenda misa ya kwanza, akirudi ana mkate mmoja mkononi, anafunga mlango.

Siku moja maji yalikatika, nikaenda kuuliza kama kwake pia hayatoki. Mlango ulikuwa wazi. Nikamkuta kwenye kiti cha plastiki, gitaa la umeme mapajani, macho amefumba, vidole vinakimbia kwa bidii, na chumba kizima hakina sauti isipokuwa tik tik tik ya nyuzi, kama mtu anayekatakata mchicha. Nilisimama pale nikicheka. Ndivyo nilivyo, kitu kikinishangaza nacheka kwanza.

"Mzee, hilo gitaa limemeza sauti?"

"Sauti iko," akasema, hata hakukasirika. "Ampli ndiyo hakuna."

Tukaanza kuzungumza hivyo. Nikaambiwa kwamba amezaliwa Buyenzi, Bujumbura, ambako wazazi wake walikimbilia, na ndiyo maana Kiswahili chake kinatoka bila kutafutwa. Alirudi Rwanda akiwa kijana baada ya vita, akaingia bendi ya hoteli. Yeye alipiga solo. Rizimu ilipigwa na Cassien, kijana mwingine wa Buyenzi, aliyekua naye mtaa mmoja. Bendi ilikuwa na ampli ya taa. Sikujua maana yake, akanieleza kwa upole wa mwalimu wa darasa la kwanza: ndani yake mna taa za kioo, lazima uziache zipate moto kwanza ndipo utoe sauti, na sauti yake ina joto ambalo hizi za kisasa hazina. Ile yao ilikuwa nzito, watu wawili kuibeba, na ilijaza bustani yote ya hoteli mpaka barabarani.

Kisha hoteli ikafanyiwa ukarabati. Ilipofunguliwa tena, pembeni ya baa alikuwa ameketi mtu mmoja na kinanda, anapiga ngoma, besi na tarumbeta peke yake. Bendi ikaisha. Cassien akachukua ampli kwa sababu ndiye aliyekuwa na chumba kisichovuja.

"Mligombana?" nikauliza.

"Hapana. Tulisema tutapigiana simu."

Hilo lilinisikitisha kuliko kama wangegombana. Watu wakigombana, kuna siku mmoja ataona aibu na kwenda kuomba msamaha. Hawa hawakuwa na la kuombana msamaha, kwa hiyo hakuna aliyekwenda.

Sasa ile jioni ya habari yenyewe. Nilisikia ukuta unagongwa, kitu ambacho Audace hakuwahi kufanya. Nikatoka. Alikuwa amesimama mlangoni mwangu na simu mkononi, ananionyesha picha kwenye kundi moja la WhatsApp la watu wanaouziana vitu vilivyotumika. Kati ya friji na kitanda cha mtoto kulikuwa na sanduku jeusi lenye ngozi iliyobanduka pembeni, na juu yake alama ya kuungua.

"Hii sigara ilikuwa yangu," akasema, akigusa ile alama kwenye kioo cha simu. "Hii ampli ni yetu."

Alikuwa ameshapiga ile namba. Alidhani atapokea Cassien, na alikuwa amejiandaa kumtania. Akapokea mwanamke, Illuminée, mke wa Cassien. Audace akauliza kama mzee ameamua kuuza vyombo, naye akajibiwa kwamba mzee alikufa tangu mwezi wa nne. Sisi tulikuwa mwezi wa kumi.

"Ukasemaje?"

Akarudisha simu mfukoni.

"Nikauliza bei," akasema. "Sikujua niseme nini, dada Auma. Ilitoka tu."

Mtu ukishauliza bei, umekuwa mnunuzi. Ndivyo alivyokwenda huko siku ya pili baada ya kazi: kama mnunuzi, peke yake, pesa mfukoni. Nyumba ilikuwa Kimihurura hiyo hiyo ya ofisi yangu, lakini upande wa chini, kule bondeni ambako bado kuna vijumba vya kupanga nyuma ya nyumba za watu. Alimpa mama wa watu pole. Akaonyeshwa ampli. Akaizungusha, akatazama nyuma, na hapo kitu kikamchoma.

Ampli ilikuwa imefunguliwa. Taa kubwa nne zilizokuwa zikiipa nguvu, sasa zimebaki mbili. Na mbele, pale ambapo palikuwa na chuma kitupu, pametobolewa tundu na kuwekwa kitufe cha kuzungusha, si cha kiwandani, ni kile cha kupunguza sauti cha redio ya zamani.

"Nani alifanya hivi?"

"Yeye mwenyewe," akasema Illuminée. "Alisema inapiga sana."

Audace akasema atainunua, akatia mkono mfukoni. Illuminée akamtazama.

"Watu yako iko wapi?"

Hapa lazima nieleze, maana hata mimi nilieleweshwa. Katika nchi hii, kitu cha maana hakiuzwi kimya kimya kama nyanya. Shamba, ng'ombe, nyumba, mnunuzi anakuja na watu wake, muuzaji ana wake, inafunguliwa bia, wanakunywa pamoja, na kuanzia siku hiyo wale waliokunywa ni mashahidi. Wenyeji wanaiita inzoga y'abagabo, pombe ya mashahidi. Mjini wengi wameiacha, hasa kwa vitu vidogo. Lakini Illuminée alikuwa mjane, na kaka za marehemu walikuwa wameshaanza kuuliza vitu vya ndugu yao vinakwenda wapi. Hakutaka kesho aambiwe ametapanya mali. Kila kitu cha Cassien kilitoka mle ndani mbele ya macho ya watu wawili wa mnunuzi na mmoja wake. Hata kitanda.

Audace hakufikiria hilo. Mtu wa makamo yake, aliyeishi hapa miaka yote hii, akaenda kununua kitu cha marehemu kama mtu anayekwenda dukani kununua sabuni. Nadhani alikuwa amekaa peke yake muda mrefu mno hata akasahau kwamba kuna mambo hayafanywi peke yako.

"Wako," akamjibu. "Watakuja Jumamosi."

Hawakuwako. Alirudi Batsinda akakaa na lile jambo siku mbili. Mimi nilimsikia akitembea, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi. Siku ya tatu akagonga tena ukuta, nikamkuta nje ameshika kofia.

"Dada Auma, iko kitu nataka kukuomba. Nahitaji watu wawili. Mimi sina watu."

Alisema hivyo hivyo, bila kupamba. Na mimi, kama kawaida yangu, nikatania.

"Mwanamke, tena Mkenya, tena Mjaluo? Hao mashahidi wenu si wanaume?"

"Siku hizi hawachagui. Bora uwe na macho."

"Na kinywa cha bia."

"Na kinywa, ndiyo." Akatabasamu kidogo.

Nikakubali. Akaondoka, nikarudi kwenye chai yangu, na hapo nikajiuliza: je, ingekuwa mimi? Ningemwita nani hapa Kigali asimame aseme amenijua? Gerald wa ofisini, labda, kama hana safari. Mama wa duka la chini ananiita "Kenya", hajui jina langu. Niliishiwa na majina kabla chai haijapoa, na ile jioni sikumcheka tena Audace.

Mtu wa pili alikuwa Kubwimana, mlinzi wa geti linalotazamana na la bosi wa Audace kule Nyarutarama. Hawakuwa marafiki. Walikuwa wakisalimiana tu. Lakini Kubwimana aliposikia kuna bia hakuuliza mengi.

"Mimi mchana narara," akasema, "lakini kama bia iko, siwezi kurara."

Zikabaki siku chache, na Audace akazitumia zote kujiuliza kama anunue au asinunue. Sasa alikuwa akija kwangu kila jioni, anasimama mlangoni, haingii, anaanza pale alipoachia jana. Alikuwa amempelekea picha fundi mmoja wa mjini, Mganda aitwaye Rodney, na Rodney alijibu kwamba ampli imechezewa. Thamani yake imeshuka. Akitaka, inaweza kurudishwa kama zamani: taa mbili ziagizwe Kampala, kile kitufe king'olewe, tundu lizibwe.

"Basi mwambie mama apunguze bei, halafu mpe Rodney airudishe," nikamwambia. "Tatizo liko wapi?"

"Nikiirudisha, nitaipigia wapi?"

Hapo alikuwa na haki. Kigali hii si mji wa kelele. Mwaka jana mtu wa nyumba ya tatu alifanya sherehe ya ubatizo na spika mbili, mkuu wa mudugudu, yaani wa mtaa, akafika kabla keki haijakatwa. Ampli iliyokuwa ikijaza bustani ya hoteli, ukiiwasha Batsinda kwa nguvu zake, kesho yake uko ofisini kwao unaandikiwa faini.

"Basi iache ilivyo. Marehemu alikutengenezea kitu kinachokufaa. Unapiga chini chini, hakuna anayekusumbua."

Akakunja uso. Nilikuwa sijawahi kumwona amekasirika.

"Unajua alichofanya? Ile ampli ilikuwa inalia, dada Auma. Watu walikuwa wanasimamisha gari. Yeye ameikata ulimi. Sasa inanong'ona. Ampli ya kunong'ona ni ya mtu asiye na watu."

"Na wewe una watu?"

Ilinitoka. Sikuirudisha, maana ilikuwa kweli, na yeye alijua ni kweli. Alivaa kofia yake akaenda kwake. Nikabaki nimeelewa kwamba hatujazungumzia bei hata kidogo. Kuinunua ile ampli kama ilivyo kulikuwa ni kukubali kwamba bendi haitarudi, kwamba atapiga ndani ya chumba kile mpaka mwisho, kwa sauti isiyofika hata kwangu. Kutoinunua kulikuwa ni kuendelea na tik tik yake akijidanganya kwamba anasubiri kitu. Ningekuwa mimi, nisingejua nichague lipi.

Jumamosi ilikuwa ile ya mwisho wa mwezi. Asubuhi tulifanya umuganda, ile kazi ya umma ya kila mwezi, tukafyeka majani kando ya mtaro pamoja na mtaa wote, tukaoga, tukapanda pikipiki. Audace alikuwa amevaa koti, gitaa mgongoni ndani ya mfuko wake. Kubwimana tulimkuta juu kwenye barabara ya lami, macho mekundu ya mtu aliyekesha. Tukanunua kreti ya bia kwenye duka la karibu, na fanta, tukateremka bondeni kwa miguu, Kubwimana amebeba kreti begani kama aliyepewa heshima.

Illuminée alitupokea mlangoni. Mwanamke mnene kiasi, kitenge kimefungwa vizuri, sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Ndani kulikuwa na maboksi yaliyofungwa kwa kamba, maana Jumatatu alikuwa anahamia Rubavu kwa binti yake, Annick. Kuta zilikuwa na alama nyeupe pale palipokuwa na picha. Shahidi wake alikuwa jirani yake, Munyaneza, mwalimu mstaafu aliyevaa miwani na kuongea polepole. Ampli ilikuwa katikati ya chumba, juu ya mkeka.

Tulikaa. Bia zikafunguliwa, kila mtu akapewa yake, Audace wa mwisho. Munyaneza akasimama, akasema kwa Kinyarwanda kisha kwa Kiswahili kwa ajili yangu, na nilimpenda kwa hilo.

"Tumekutana hapa kwa kitu cha marehemu Cassien. Mama atasema uzuri yake na ubaya yake, tusikie wote, kesho asitoke mtu wa kusema hakusikia."

Illuminée akasema. Ampli ni nzima. Ni ya zamani. Marehemu aliifungua mwenyewe, akatoa taa mbili, akaongeza kitufe. "Haipigi sana," akamaliza. "Kama iko mtu anataka ya kupiga sana, si hii."

Sasa ilikuwa zamu ya Audace kusema "imechezewa" na kushusha bei. Tulikuwa tumelizungumza hilo mpaka mimi mwenyewe nililijua kwa moyo. Akafungua kinywa.

"Naomba kwanza niijaribu," akasema.

Akachomeka waya ukutani, akawasha. Hakuna kilichotokea. Kubwimana akanitazama. Nikamnong'oneza kwamba zinapata moto. Baada ya muda mlio mdogo ukajaa chumbani, mzito, wa chini, na nyuma ya sanduku nikaona mwanga mwekundu. Audace akatoa gitaa, akachomeka, akagusa kile kitufe cha redio kwa kidole kimoja kama mtu anayegusa kitu cha mtu mwingine.

Kisha akapiga.

Mimi si mtu wa muziki. Naweza kusema tu kwamba nilikuwa nimeishi na mtu yule ukuta mmoja miaka miwili, na nilikuwa sijawahi kumsikia. Sauti ilikuwa ndogo, huenda jirani wa nje hakuisikia, lakini ilikuwa sauti kamili, haijapungukiwa na kitu. Ulikuwa wimbo wao wenyewe, ule waliofungia kazi kila usiku kule hotelini. Alipiga maneno mafupi mafupi ya juu, ananyamaza, anapiga tena. Nilidhani anavuta pumzi.

Illuminée alikuwa na glasi mkononi. Akaiweka chini kwenye boksi.

"Rudia," akasema.

Audace akarudia. Alipofika mahali fulani, katikati ya maneno yale ya juu, Illuminée akainua mkono.

"Hapo. Hapo ndipo alikuwa ananyamaza."

Hakuna aliyemwelewa. Akatueleza, akitazama ampli, hamtazami Audace. Hotelini hakuwahi kwenda hata siku moja. Alikuwa na mtoto mdogo, na hoteli haikuwa mahali pa mke wa mpiga gitaa. Kwa hiyo bendi hakuisikia. Alichosikia ni Cassien nyumbani, baada ya bendi kuisha, kila jioni miaka yote, ameipunguza ile ampli ili asimwamshe mtoto na baadaye kwa mazoea tu, anapiga wimbo huu huu. Na wimbo ulikuwa na mashimo. Anapiga, anapiga, halafu mkono unasimama, anakaa hivyo anatazama mlango, halafu anaendelea kama hakuna kilichotokea.

"Nilidhani ni akiri inapotea," akasema. "Nilimwambia Annick, baba yako anasahau wimbo yake. Tukampereka kwa daktari. Daktari akamwuliza maswali, yote anajua. Tukirudi nyumbani, tena anapiga, tena ananyamaza. Nikamwuliza, Cassien, hapo kwa nini unaacha? Akaniambia, hapo si pangu."

Munyaneza alivua miwani. Illuminée sasa akamgeukia Audace.

"Kumbe ni pako."

Audace alikuwa ameinamia gitaa. Sikuona uso wake, niliona tu mikono, na mikono haikuwa ikifanya kitu.

"Kwa nini hakunipigia simu?" akasema.

"Na wewe?"

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua. Audace akasema, kwa sauti niliyoisikia kwa shida, kwamba kila asubuhi anapita hapo juu kwenye lami na gari, anapeleka watoto wa bosi shule. Kila asubuhi. Hakujua kwamba Cassien yuko hapa chini.

"Alikuwa anakaa pale mlangoni asubuhi," akasema Illuminée. "Anaota jua."

Nilitaka mtu aseme kitu cha kumfariji, na wa kusema ningekuwa mimi, maana nilikuwa mtu wake, nimeletwa kwa kazi hiyo. Lakini kichwani mwangu nilikuwa nawahesabu watu wa Kisumu nilioagana nao kwa kusema tutapigiana. Kubwimana alikuwa ameshika chupa yake iliyojaa nusu, hainywi, hata yeye.

Audace akatia mkono ndani ya koti, akatoa bahasha, akampa Illuminée kwa mikono miwili. Ilikuwa bei yote aliyotajiwa siku ile ya kwanza. Neno "imechezewa" hakulitamka.

"Utaipeleka kwa fundi?" akauliza Illuminée. "Wote waliokuja kuitazama walisema wataitengeneza."

"Hapana. Itabaki hivi alivyoiacha."

Munyaneza akauliza kama tumeona. Tukasema tumeona. Akauliza kama mtu ana la kupinga, hakuna. Akasema basi ampli ni ya Audace, tumalizie bia. Kwa utaratibu, mambo yalikuwa yameisha, na ilibaki kuzima, kusubiri zile taa zipoe na kubeba. Audace akanyoosha mkono kwenye swichi.

"Usizime," akasema Illuminée.

Alikuwa amefika karibu, amepiga magoti kwenye mkeka na kitenge chake kizuri. Akazungusha kile kitufe mwenyewe, kidogo kidogo, akasimamisha mahali anapopajua yeye.

"Hapa ndipo alikuwa anaweka. Sasa piga tena. Lakini yako uache. Unajua yake?"

"Naijua."

"Piga yake."

Audace akajipanga upya kwenye kiti. Akaanza rizimu ya Cassien, laini, ya mzunguko, mkono wa kulia unatembea bila haraka, na Illuminée akafumba macho na kuanza kutikisa kichwa, kwa sababu huo sasa ndio wimbo alioujua. Sauti ile ilikuwa ya mumewe kabisa. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Rizimu ikazunguka, ikapanda, ikafika pale mahali.

Audace aliinua mkono kutoka kwenye nyuzi, akatazama mlango, akasubiri. Hakuna aliyeingia.